Fungu la Kitsa

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka Butembo. Ulilala juu ya mabati na katikati ya mikaratusi, na watu waliopanda kwenda misa walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kama wanaoelea. Inspekta Stanislas alipanda pamoja nao hadi njia panda, kisha akawaacha, akashika njia ya kushoto kuelekea nyumba ya marehemu mzee Siméon. Hakuwa na haraka. Tangu waasi waushike mji, kazi ya polisi ilikuwa imebaki kama mazoea ya mtu mzee: unaamka, unavaa koti, unakwenda.

Aliyemwita ni Kahongya, mtoto wa kwanza wa marehemu, mama wa makamo mwenye duka la vitenge sokoni. Siku iliyotangulia alikuja ofisini, akakaa kwenye ubao wanaokaa washitakiwa kwa sababu kiti kingine hakikuwapo, akasema:

"Inspecteur, kuko mutu mu nyumba yetu. Mama anamuita mutoto wake. Mbusa anamuita mudogo wake. Miye siyui nimuite nani."

Kisha akaeleza. Baba yao alikufa baada ya Pasaka. Aliacha nyumba ya matofali, depo ya mbao, na msitu wa mikaratusi unaoteremka nyuma ya nyumba hadi mtoni. Kabla ya kukata roho, mbele ya katekista na mkuu wa mtaa, alimtaja Kahongya kuwa liquidateur wa urithi. Ndiye atakayeshika mali yote mpaka kila mrithi akabidhiwe fungu lake. Warithi walikuwa watatu: Kahongya mwenyewe, Mbusa anayemfuata, na Kitsa, kitinda mimba wao. Kitsa alikuwa dereva wa malori ya mbao kwenye njia ya Eringeti. Vita viliporudi upande ule salamu zake zilikatika, na hakuna aliyejua kama yu hai. Mkutano wa familia wa kugawa mali ulikuwa umepangwa Jumapili. Na sasa, mkutano ukiwa mlangoni, mtu alikuwa amefika kwa miguu kutoka kaskazini, akapiga hodi, na mama akamwita Kitsa.

"Weye hapana mutambua?" Stanislas aliuliza.

"Kitsa alituacha kijana. Huyu iko mutu mukubwa, na ndevu, na kovu ku uso. Nikimuangalia asubui, namuona Kitsa. Nikimuangalia tena, namuona mugeni."

"Na unataka nini kwangu, mama?"

"Kuja umuangalie. Kama iko yeye, siku ya Mungu, mu mukutano, namupa fungu yake. Kama hapana yeye, ile fungu pia nitajua ya kufanya nayo."

Stanislas hakumuuliza angefanya nini nayo. Swali hilo alilikumbuka baadaye, akiwa ameshachelewa kidogo.

Alipofika nyumbani kwa marehemu alimkuta mama Kanyere, mjane, kwenye veranda, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Macho yake yalikuwa yameingia weupe. Aliona vivuli tu. Mbele yake, kwenye benchi, mwanaume mwenye ndevu alikuwa akimenya viazi, akivitumbukiza kimoja kimoja ndani ya sufuria la maji. Alimenya vizuri, bila kupoteza nyama ya kiazi.

"Karibu, inspecteur," alisema mama Kanyere kabla Stanislas hajafungua mdomo. "Umekuja juu ya mutoto wangu."

"Nimekuja kumusalimia, mama."

"Umusalimie basi. Mais usimuchokeshe. Ametoka mbali."

Stanislas alikaa. Aliuliza kama mtu anayepiga gumzo, na yule mwanaume alijibu bila kuinua kisu. Mbwa wao wa zamani aliitwa nani? Alitaja jina. Mzee Siméon alikuwa na desturi gani Krismasi? Kuchinja mbuzi mwenyewe na kukataa kusaidiwa, mpaka mwaka ule mbuzi alipomponyoka na kuingia kanisani. Mama Kanyere alicheka chini ya blanketi. Kitsa mwenyewe aliwahi kufanya kosa gani kubwa? Alipanda juu ya paa la parokia kuiba njiwa, akaanguka kwenye bustani ya masista, na sista mkubwa alimpa chai kabla ya kumchapa.

Yote yalikuwa kweli. Kahongya, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa kukubali kila jibu. Hata hivyo Stanislas alihisi kama anamsikiliza mtu anayezungumza usingizini. Ilimchukua muda kujua kilichomsumbua. Yule mwanaume alijua kila kitu na hakuuliza kitu. Mtu akirudi kwao baada ya miaka ya vita huuliza: fulani yuko? Mwalimu wetu bado anaishi? Ile miti nani aliikata? Huyu alikuwa amekuja na hadithi zote mfukoni, zimekamilika, na hakuhitaji nyingine.

Kulikuwa na jambo la pili. Alipomaliza viazi, aliweka kiganja juu ya meza, akakipitisha polepole kufuata mishipa ya mbao, kama mtu anavyompapasa ng'ombe.

"Hii iko mbao ya libuyu," alisema, zaidi kwa meza kuliko kwa watu. "Mais walipasua vibaya. Msumeno ilikuwa inakimbia."

Stanislas alitazama kile kiganja. Sugu zake zilikuwa zimekwenda kwa mstari mmoja, chini ya vidole vyote. Dereva hapati sugu za namna ile.

Alishuka mjini akiwaza kuhusu Mbusa. Sokoni hakuna siri inayokaa, na kabla hajafika depo alikuwa ameambiwa na watu wawili tofauti kwamba Mbusa alitaka kuuza msitu wote wa baba yake kwa mfanyabiashara wa Kasindi, na kwamba Kahongya alikataa. Warithi watatu, sauti moja inataka, sauti moja haitaki. Sauti ya tatu ilipotea Eringeti. Na tazama, imerudi kwa wakati. Stanislas aliona njia nyeupe mbele yake, imenyooka. Ndugu amemtafuta mpasuaji mbao wa kaskazini mwenye sura ya kufanana, amemfundisha hadithi za nyumbani, amemleta hadi mlangoni kwa mama asiyeona.

Alimkuta Mbusa juu ya rundo la mbao, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu, akielekeza wafanyakazi kupakia lori. Mbusa alishuka akihema.

"Najua unakuja kuniuliza nini," alisema. "Uliza."

"Ule mutu ulimutoa wapi?"

"Miye? Alitoka mwenyewe. Nilirudia ku nyumba nikakuta mama anamulisha."

"Watu wanasema uko na haja na sauti yake."

"Banasema kweli. Niko na haja. Nilimuuliza juu ya forêt, ule msitu wa papa, siku ya kwanza. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Uliza yaya Kahongya, yeye njo dada mukubwa.' " Mbusa alivua kofia, akajifuta paji la uso. "Kama ningemununua, inspecteur, ningenunua mutu wa kusema ndiyo."

Njia nyeupe ya Stanislas ilikuwa imeanza kupinda.

"Weye unaamini iko Kitsa?"

Mbusa aliangalia upande wa lori. "Kama hapana yeye, basi mudogo wangu alikufa. Sasa unataka niamini nini?"

Mfanyakazi mmoja aliyekuwa upande wa pili wa lori hakusikia akiitwa. Mbusa aliweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mfupi unaopanda. Yule mfanyakazi aligeuka papo hapo.

"Uko fundi," alisema Stanislas.

"Papa njo alitufundisha. Alikuwa anatuita toka juu ya mulima, sisi tuko ku mto. Kila mutoto na muluzi yake. Ya yaya Kahongya ilikuwa ndefu. Yangu ilikuwa inavunjika katikati. Ya Kitsa..." Hakuipiga. "Ukiisikia yako, kichwa inageuka mbele ya weye kujua."

"Kitu kama ile, Kitsa angeweza kuielezea mutu?"

"Kuielezea namna gani? Hatukukuwa tunaiongea. Ilikuwa tu."

Stanislas aliinua macho kuelekea upande wa nyumba ya mzee. Mbusa alimtazama, na polepole uso wake ukabadilika, kwa maana hakuwa mjinga, alikuwa ameelewa anachoombwa.

"Hapana," alisema.

"Ni weye peke unaweza."

"Yaya Kahongya anaijua pia."

"Kahongya ana mashaka tayari. Akipiga yeye, utasema alipiga vibaya."

Mbusa alivaa kofia yake, akaivuta hadi kwenye nyusi. Alirudi kwenye mbao, akapanga moja ambayo ilikuwa imeshapangwa. Hatimaye alisema: "Mvua ikikatika."

Mvua ilinyesha saa za mchana, ile mvua ya Butembo isiyo na hasira, inayoshuka kama inasahau inakokwenda. Ilipokatika, mvuke ulipanda kutoka kwenye msitu na veranda yote ikanukia majani ya mikaratusi. Mama Kanyere alikuwa pale pale. Yule mwanaume alikuwa amekaa miguuni pake, akimwelezea jinsi asali inavyotolewa mtini kule kaskazini, na mama alikuwa amefumba macho, anatabasamu kwa kitu kilichokuwa mbali. Kahongya alishika koti lake kifuani. Stanislas aliegemea nguzo.

Mluzi ulitoka ndani ya msitu. Ulianza chini, ukapanda, ukakaa juu kidogo, ukashuka mara mbili kama mtu anayeteremka ngazi. Kahongya alishituka hadi bega lake likagonga mlango. Mama Kanyere aliinua kichwa, akafumbua yale macho meupe.

Yule mwanaume aliendelea kuzungumza juu ya asali.

Mluzi ulikuja tena, karibu zaidi. Alinyamaza sasa, lakini kwa adabu tu, kama mtu anavyonyamaza gari likipita, kisha akaendelea. Mara ya tatu mluzi uliharibika katikati. Pumzi ilimwishia aliyeupiga. Halafu ukawa ukimya, na matone yakidondoka kutoka kwenye majani, na Mbusa akatoka katikati ya miti, nguo zimelowa, akapanda mpaka verandani bila kumtazama mtu.

Mwanaume mwenye ndevu alitazama nyuso zao, uso baada ya uso. Alielewa kwamba alikuwa amejaribiwa bila kujua.

"Jina yako nani?" Stanislas alimuuliza.

"Baraka."

"Baraka wa wapi?"

"Wa Eringeti. Niko mupasuaji wa mbao. Kitsa alikuwa anabeba mbao yetu." Alisimama, akakaa tena. "Mama, unisamehe."

"Najua," alisema mama Kanyere.

Wote walimgeukia. Alikuwa akilikunja blanketi lake juu ya magoti, taratibu, pembe kwa pembe.

"Mama unajua nini?" aliuliza Mbusa.

"Macho yangu njo iliharibika, hapana akili. Kitsa alikuwa hapana uwezo wa kukaa nafasi moja. Hata akikula alikuwa anatembea. Huyu anakaa. Siku ya kwanza alikaa, nikajua." Alinyoosha mkono, akaupata mkono wa Baraka hewani bila kuutafuta sana. "Miye njo nilimuita Kitsa. Yeye alikuwa anafungua kinywa aniambie kitu, na nilijua ni kitu gani, sikutaka nikisikie. Nikamuita jina kabla aseme. Nikamuambia ingia, chakula iko moto. Mutu wa namna ile angesema nini?"

"Nilitaka kusema asubui yake," alisema Baraka. "Na asubui yake tena. Kila mara alikuwa ananiwekea uji."

Stanislas alivuta benchi, akakaa karibu naye. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sasa sema."

Baraka alisema. Lori la Kitsa lilivamiwa kwenye njia ya Eringeti, msimu wa mvua za mwanzo. Kitsa alitoka akiwa na risasi ubavuni, akafika hadi kwenye kambi ya wapasuaji, na hapo hawakuwa na dawa zaidi ya maji ya moto. Alizungumza siku zote alizobaki, hakunyamaza: mbwa, mbuzi, njiwa, chai ya sista. Alikuwa akisimulia kwa haraka kama mtu anayehamisha vitu kutoka kwenye nyumba inayowaka. Baraka alimzika pembeni ya msitu, juu kidogo, pasipotuama maji, na akamchania ubao wa msalaba. Hayo yalitokea kabla mzee Siméon hajafa. Njia ilipofunguka kidogo, Baraka alishuka Beni kwanza, kwa mke wa Kitsa, na mke ndiye aliyemtuma Butembo kumwambia mama.

"Muke?" alisema Mbusa. "Kitsa alikuwa na muke?"

"Na mutoto."

"Mutoto gani? Mwanaume ao mwanamuke? Iko na miaka ngapi? Iko hai?"

"Iko wapi?" mama Kanyere aliuliza, na blanketi likamwanguka.

Maswali yalimwangukia Baraka pamoja, na alikuwa akihangaika kuyajibu. Stanislas hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akimtazama Kahongya. Katika wote waliokuwa pale, liquidateur wa urithi peke yake hakuuliza kitu. Alikuwa ameinama, akiyaokota maganda ya viazi yaliyobaki chini ya benchi, akiyatia kiganjani.

Baadaye, Kahongya alipomsindikiza hadi kwenye geti, Stanislas alisimama.

"Mama Kahongya. Ulijua kama kuko mutoto."

Alifikiri angekana. Kahongya alisimama akiangalia njia yenye matope.

"Papa alinishika mukono," alisema. "Bale bantu walikuwa wameshatoka, katekista na chef. Tulibaki sisi wawili. Akasema, 'Mutoto wa ule mwanamuke muislamu wa Beni, asitiwe mu hesabu. Apana.' Nikasema ndiyo papa. Mutu anakufa, inspecteur. Unamujibu nini?"

"Na sasa kwa nini ulikuja kuniita?"

"Nilifikiri kama huyu iko Kitsa wa kweli, yeye mwenyewe ataleta mutoto wake. Mutu hawezi kumukataza. Na miye sitakuwa nimevunja neno ya papa."

"Na kama angekuwa hapana Kitsa?"

"Ningesema Kitsa alikufa bila mutu. Tungegawa na Mbusa." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma jambo kwenye ukuta wa mbali. "Mais toka siku ile ninaota mu jicho wazi. Niko ku duka, napima kitenge, naona mutoto anasimama ku mulango, hapana ingia. Nainua macho, hakuna mutu."

Stanislas alikuwa amekwisha kuona warithi wengi: wenye mapanga, wenye mawakili, wenye kulia kwa sauti kubwa. Huyu hakujua amweke kundi gani.

"Baba yako alikuwa na haki ya kusema nani ashike mali," alimwambia. "Hapana haki ya kusema mutoto wa mutoto wake hakuzaliwa. Sheria inasema mutoto anasimama pahali pa baba yake. Ukimuficha, hiyo ni kazi yangu. Ukimuleta, ni kazi yako."

"Na neno ya papa?"

"Ile siwezi kukusaidia."

Kesho yake walipanda lori la kwenda Beni, lililokuwa katika msafara wa magari mengine kwa sababu ya vilima visivyoaminika. Barabara iliteremka kutoka kwenye baridi; ukungu ulibaki nyuma, migomba ikawa mirefu, hewa ikawa nzito na tamu kama matunda yaliyoiva mno. Kwenye kizuizi askari walipekua mizigo, wakacheka kwa Lingala, wakawaacha. Walipoingia mjini, Kahongya alimwambia dereva awashushe baada ya msikiti, mbele ya karakana ya malori, na akatembea moja kwa moja hadi kwenye mlango wa bluu. Stanislas aliona kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kufika pale, lakini hakumuuliza.

Mapenzi alikuwa uani, mwanamke mrefu, mwembamba, mtandio wa rangi ya majivu umeteleza hadi begani, anapepeta mchele. Kaka yake alikuwa mwenye ile karakana. Alipomwona Kahongya mikono yake haikusimama.

"Baraka amekufa pia?" aliuliza.

"Baraka iko muzima," alisema Stanislas. "Iko ku nyumba ya mama mukwe wako."

"Bon. Nilifikiri nimetuma mutu ku kifo." Aliweka ungo chini. "Mukae basi. Eda yangu niliisha kumaliza. Hamuna haja ya kusema pole kwa sauti ya chini."

Walikaa kwenye mkeka. Msichana mdogo alitoka ndani, akasimama akiwatazama, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Huyu njo Faraja," alisema Mapenzi.

"Weye ni nani?" msichana alimuuliza Kahongya.

Kahongya aliinua macho kwake. "Niko shangazi yako."

Faraja alilipokea jambo hilo bila mshangao, akarudi ndani kwenye shughuli zake.

Kahongya alieleza mkutano, sheria, fungu la Kitsa. Alieleza pia maneno ya baba yake kitandani, yote, bila kuyapaka sukari, jambo ambalo Stanislas hakulitarajia. Mapenzi alisikiliza akiwa ameshika tama.

"Nilishafika ku mulango yenu," alisema mwishoni. "Faraja alikuwa mu mugongo. Kitsa alikuwa ananishika mukono. Baba yako alisimama akasema tupite nyuma, ku jikoni, kama tunataka maji. Kitsa akageuza gari. Hatukurudia tena. Weye ulikuwa mu dirisha, yaya. Nilikuona."

"Nilikuwa mu dirisha."

"Mupe Faraja miti ao musimupe, ataishi. Kaka yangu anamulisha. Mais kama unamupeleka kule, apite ku mulango ya mbele, batu bakiona. Kama hapana vile, mutuache hapa."

Kahongya aliinamisha kichwa. "Ku mulango ya mbele," alisema.

Jumapili baada ya misa, wanaukoo walikaa sebuleni kwa mzee Siméon, wengine kwenye viti, wengine kwenye masanduku kutoka depo. Katekista alikuwapo, mkuu wa mtaa alikuwapo. Stanislas alisimama karibu na dirisha. Wote walipokuwa wamekaa, Kahongya alitoka nje, akamshika Faraja mkono, akapita naye mlango wa mbele, Mapenzi akifuata nyuma na mtandio wake umefungwa vizuri. Minong'ono ilianza, ikazimika.

"Papa aliniachia kazi," Kahongya alisema akiwa amesimama. "Na mbele ya kufa aliniachia neno ya siri: mutoto wa Kitsa asitiwe mu hesabu. Nilimuambia ndiyo. Leo mbele yenu namuambia hapana. Niko liquidateur wa mali, siko mulinzi wa hasira yake. Fungu ya kwanza iko yangu. Fungu ya pili, ya Mbusa. Fungu ya tatu ya Faraja, mutoto wa Kitsa, na mama yake atamushikia mpaka akomae. Mama yetu atabaki mu nyumba hii, hakuna atakayemutoa. Mwenye neno aseme."

Mzee mmoja wa ukoo alikohoa, akatafuta macho ya Mbusa. Kila mtu alijua kwamba Mbusa ndiye mwenye neno. Bila fungu la tatu msitu usingeuzika, na mwenye fungu la tatu alikuwa mtoto asiyefika kimo cha meza.

Mbusa alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi, akaipangusa kwa kofia yake.

"Mutoto akae," alisema.

Faraja alikaa. Mapenzi alikaa karibu naye. Mama Kanyere, kwenye kiti chake, alinyoosha mikono, wakampelekea msichana, naye akamshika uso kwa viganja vyote viwili, akaupitia polepole, paji, pua, kidevu. Msichana alivumilia kidogo tu, kisha akaanza kuhangaika, akataka kushuka, akazunguka kiti, akarudi, akazunguka tena.

"Hapana uwezo wa kukaa nafasi moja," alisema mama Kanyere. "Mumemaliza kugawa?"

"Tumemaliza, mama," Kahongya alijibu.

"Basi mutoe viti. Mutandike mukeka. Mutoto wangu alikufa, na mu nyumba hii hakuna mutu amemulilia."

Walitoa viti. Wanawake walileta mikeka, wakaitandika kutoka ukuta hadi ukuta. Baraka alikuwa amesimama nje, kwenye veranda, kofia mkononi, asiyejua aingie au aondoke. Stanislas alikuwa na haki ya kumchukua kwa kosa la kuitikia jina lisilo lake. Alimtazama, akatazama pembeni.

"Baraka," aliita mama Kanyere. "Kuja hapa. Unielezee pahali analala. Usiruke kitu."

Baraka aliingia, akakaa mkekani mbele yake. Alianza na kilima, na udongo wake, na miti iliyo juu yake, jina la kila mti. Alipofika kwenye ubao wa msalaba, jinsi alivyouchana kwa mkono kwa sababu msumeno ulikuwa umepotea, Mbusa ndiye aliyelia wa kwanza.